Kuhamia Linux Kwenye Kompyuta Mpakato Ndogo: Mwongozo Kamili kwa Matumizi ya Kila Siku

Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa masharti yake rasmi, inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM ya GB 4 na diski ya GB 64. Masharti hayo yameziacha nje kompyuta mpakato nyingi ndogo ambazo skrini, kibodi na betri zake bado ni nzima. Linux, ambayo Linus Torvalds alianza kuandika kiini chake mwaka 1991, hailipiwi, hupata masasisho ya usalama kwa miaka mingi, na matoleo yake mepesi hukaa kwenye mashine za namna hiyo bila kuzielemea.

Swali ambalo wengi huanza nalo ni toleo lipi la Linux lililo bora. Mimi naliona kuwa swali la baadaye. Anayerudi Windows baada ya wiki moja mara nyingi hurudishwa na programu aliyoisahau, au na waifai ambayo hakuijaribu kabla ya kufuta diski. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na programu, kisha unapitia majaribio, na diski haiguswi mpaka mambo hayo mawili yawe yamethibitishwa.

Hamisha programu kwanza, mfumo baadaye

Andika orodha ya kila programu unayoifungua katika wiki ya kawaida, pamoja na zile unazozihitaji mara chache lakini huna budi kuwa nazo: ya hesabu za biashara, ya kusaini hati kwa kadi, ya kufanyia mtihani ukiwa nyumbani. Kisha zigawe katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni zile zinazofanya kazi ndani ya kivinjari, kama vile barua pepe, hati za Google, Microsoft Office ya mtandaoni na mikutano ya video. Hizi hazijali mfumo ulioko chini yake. Fungu la pili ni zile zinazopatikana Windows na Linux kwa sura ileile: Firefox ya mtandao, Thunderbird ya barua pepe, LibreOffice ya hati, VLC ya video na GIMP ya picha. Zisakinishe hukohuko Windows na uzitumie kwa wiki kadhaa kabla ya kuhama. Utakapofika Linux, mikono yako itakuwa imekwisha kuzizoea, na kitakachobadilika kitakuwa menyu na mandhari tu. Ukiingia Firefox kwa akaunti ya Mozilla, alamisho na nywila zako zitakufuata zenyewe.

Fungu la tatu ndilo linalostahili kukaliwa chini. Microsoft Office ya kusakinishwa, Photoshop, michezo mingi yenye ulinzi dhidi ya udanganyifu na programu za kusimamia mitihani zinazofunga kompyuta nzima hazina njia ya kutegemewa kwenye Linux. Programu iitwayo Wine huweza kuendesha baadhi ya programu za Windows, nyingine kwa ufasaha na nyingine kwa kuchechemea, lakini si busara kuitegemea kwa kazi inayokupa riziki kabla ya kuijaribu kwa programu hiyohiyo. Ikiwa fungu hili lina kitu usichoweza kukiacha, basi mashine hiyo isihamishwe, au ihamishwe ikiwa una kompyuta nyingine ya kazi hiyo.

Ijue mashine uliyonayo

Ukiwa Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `msinfo32`, kisha ubonyeze Enter. Katika dirisha litakalofunguka nakili mambo manne: jina la kichakataji, ukubwa wa RAM, aina ya mfumo, na mstari wa "BIOS Mode" unaosema UEFI au Legacy, yaani aina mpya au ya zamani ya programu ya ndani inayoiwasha mashine kabla ya mfumo. Ukubwa wa diski utauona kwenye kidhibiti cha faili.

Mashine yenye GB 4 za RAM inatosha kwa kazi za kila siku ikiwa utafuata hatua za kubana kumbukumbu zilizoelezwa hapa chini. Yenye GB 2 inatumika kwa uvumilivu: kuandika, kusoma, na vichupo vichache vya kivinjari. Ukiwa na GB 8, sehemu kubwa ya tahadhari za mwongozo huu hazikuhusu. Kabla ya jambo lolote, chunguza kama RAM inaweza kuongezwa na kama diski ni ya kuzunguka, kwa kuwa kubadilisha diski ya kuzunguka kwa SSD, isiyo na kitu kinachozunguka, huleta tofauti kubwa kuliko uchaguzi wowote wa toleo la Linux. Kwa bahati mbaya, kwenye mashine ndogo nyingi vitu hivyo viwili vimeunganishwa moja kwa moja na bodi na havibadiliki.

Kuna mtego mmoja ambao umewakwamisha watu wengi. Baadhi ya kompyuta ndogo za mwaka 2013 hadi 2015 hivi, zenye vichakataji vya Atom, zina kichakataji cha biti 64 lakini UEFI yake ni ya biti 32. Flashi ya Linux ya kawaida ikichomekwa kwenye mashine kama hiyo haionekani hata kwenye orodha ya vyanzo vya kuwakia, na mtu hudhani flashi ni mbovu. Debian ni mojawapo ya matoleo yanayoimudu hali hiyo, na ndipo pa kuanzia ukikutana nayo.

Toleo gani

Kwa mashine ya GB 4 na kichakataji cha biti 64, pendekezo langu ni Linux Mint yenye eneokazi jepesi la Xfce. Masharti yake ya chini kabisa ni RAM ya GB 2 na diski ya GB 20, menyu yake haimshangazi aliyetoka Windows, na Mint 22, iliyotoka mwaka 2024 kwa msingi wa Ubuntu 24.04, itapata masasisho hadi mwaka 2029. Kwa diski ndogo kuna faida nyingine: Mint huleta Firefox kama kifurushi cha kawaida, wakati Ubuntu huileta kwa mfumo wa Snap, ambao hula nafasi zaidi.

Kwa GB 2 za RAM, Lubuntu ni nyepesi zaidi, ingawa matoleo yake ya muda mrefu hupata msaada kwa miaka 3 tu. Kwa kichakataji cha biti 32 uchaguzi umepungua sana, kwani hata Debian iliacha kutoa kisakinishi cha biti 32 kuanzia toleo la 13 la mwaka 2025. AntiX 23 ni mojawapo ya yaliyobaki. Zaidi ya hapo usihangaike. Kubadilisha matoleo kila wiki ni burudani ya watu wanaopenda kusakinisha, na wewe unataka kompyuta ya kufanyia kazi.

Maandalizi ndani ya Windows

Nakili hati, picha na kila unachokithamini kwenye diski ya nje, kisha ufungue baadhi ya faili hizo kwenye kompyuta nyingine ili uhakikishe zinasomeka. Nakala rudufu ambayo haijawahi kufunguliwa haihesabiki kuwa nakala.

Baada ya hapo angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, usimbaji wa Windows wenyewe, jambo ambalo kwenye mashine nyingi hufanyika bila mwenyewe kujua, hasa aliyeingia kwa akaunti ya Microsoft. Ikiwa imefungwa, tafuta kwenye akaunti yako ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48 na uuandike mahali nje ya kompyuta hiyo. Ukibadilisha mpangilio wowote wa UEFI, Windows huenda ikaudai ufunguo huo, na asiyekuwa nao hupoteza kila kilichomo.

Zima pia uwashaji wa haraka wa Windows. Ukiwa umewashwa, Windows haizimiki kikamilifu, na diski yake hubaki katika hali ya usingizi ambayo Linux haiwezi kuiandikia kwa usalama. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, kisha uandike:

`powercfg /h off`

Kutengeneza flashi

Pakua faili ya ISO, ambayo ni nakala nzima ya mfumo na kisakinishi chake, kutoka tovuti rasmi ya toleo ulilochagua. Faili ya Mint ina karibu GB 3, hivyo flashi ya GB 4 inatosha, ingawa ya GB 8 ni bora. Usiruke hatua ya kuhakiki faili, hasa ukiwa na intaneti inayokatika. Kwenye Windows, ndani ya folda yenye faili hiyo, andika:

`certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256`

Utapata mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Ulinganishe na ule uliochapishwa kwenye tovuti ya toleo hilo. Ukitofautiana hata kwa herufi moja, pakua upya. Hitilafu nyingi za ajabu zinazotokea katikati ya usakinishaji chanzo chake ni faili iliyopakuliwa nusu nusu.

Sasa tumia Rufus au balenaEtcher kuandika ISO hiyo kwenye flashi. Kila kilichokuwemo kitafutika. Rufus ikikuuliza namna ya kuandika, anza na ile inayopendekezwa, na flashi ikikataa kuwaka urudie kwa namna ya DD, inayonakili ISO nzima kama ilivyo.

Kuwasha kutoka flashi na kujaribu bila haraka

Zima mashine, chomeka flashi, kisha uwashe huku ukibonyeza mfululizo kitufe cha menyu ya kuwakia. Kitufe hicho hutofautiana kwa mtengenezaji: mara nyingi ni F12, F9 au Esc, na F2 au Delete huingiza kwenye mipangilio yenyewe. Chagua flashi kwenye orodha. Mint huwaka hata Secure Boot, kinga ya UEFI inayozuia mifumo isiyosainiwa, ikiwa imewashwa, kwa hiyo hakuna haja ya kuizima mapema. Skrini ikibaki nyeusi, washa upya na uchague hali ya upatanifu kwenye menyu ya mwanzo ya flashi.

Baada ya dakika chache utaona eneokazi kamili likiendeshwa kutoka kwenye flashi, na diski ya ndani ikiwa haijaguswa. Hapa ndipo watu wanapokimbilia aikoni ya kusakinisha. Subiri. Unganisha waifai na ucheze video, ukisikiliza spika na kisha visikilizio. Fungua kamera. Jaribu vitufe vya mwangaza na vya sauti, uteleze ukurasa kwa vidole viwili kwenye padi ya kugusa, uchomeke skrini ya nje ikiwa huwa unaitumia, na uchapishe ukurasa mmoja kwenye printa yako. Printa nyingi za miaka ya karibuni zinazounganishwa kwa mtandao hutambuliwa bila kusakinisha draiva.

Jaribio linalosahaulika ni la usingizi. Funga kifuniko cha kompyuta, subiri dakika kumi, kisha ukifungue. Skrini ikirudi na waifai ikaungana yenyewe, una bahati njema. Kisha fungua dirisha la amri na uandike:

`cat /sys/power/mem_sleep`

Jibu likiwa `s2idle [deep]`, mabano yanaonyesha kuwa mashine hutumia usingizi mzito, unaokula chaji kidogo sana. Likiwa ni `[s2idle]` peke yake, kompyuta yako hulala usingizi mwepesi, na ukiiacha imefungwa usiku kucha utaikuta imepoteza sehemu ya betri inayoonekana. Hilo si kosa la Linux pekee, bali ndivyo watengenezaji wengi wanavyozijenga mashine siku hizi. Kuijua hali hiyo mapema kutakufanya uizime kompyuta kabisa unapomaliza kazi badala ya kufunga kifuniko tu.

Waifai isipoonekana, usikate tamaa papo hapo. Baadhi ya kadi, hasa za Broadcom, huhitaji draiva inayopakuliwa. Unganisha simu kwa waya wa USB, washa kwenye simu hiyo kushiriki intaneti kwa USB, na Linux itaiona kama mtandao wa waya. Kisha fungua kidhibiti cha draiva cha Mint, ambacho kitakuonyesha draiva inayofaa ikiwa ipo.

Kusakinisha

Kabla ya kubofya aikoni ya kusakinisha, fungua dirisha la amri na uandike `lsblk`. Amri hiyo huonyesha diski zote pamoja na ukubwa wake, na ni kinga yako dhidi ya kufuta kisichotakiwa kufutwa. Kwenye mashine yenye hifadhi ndogo ya eMMC, yaani chipu iliyounganishwa na bodi, diski ya ndani huitwa `mmcblk0` au `mmcblk1`, na chini yake kuna vipande vidogo vinavyoishia na `boot0` na `boot1`, ambavyo havitakiwi kuguswa. SSD za kisasa huitwa `nvme0n1`. Jina `sda` linaweza kuwa diski ya kawaida au flashi yako yenyewe, hivyo ukubwa ndio utakaokuambia ni ipi. Andika jina sahihi kwenye karatasi. Diski ya ndani isipoonekana kabisa, ingia kwenye mipangilio ya UEFI uangalie kama hifadhi imewekwa kwenye hali ya RAID au RST. Ibadilishe kuwa AHCI, ukijua kwamba Windows iliyopo huenda isiwake tena baada ya mabadiliko hayo.

Kisakinishi kitakuuliza lugha, mpangilio wa kibodi, na kama unataka kodeki, yaani programu za kusoma faili za sauti na video. Zikubali. Secure Boot ikiwa imewashwa, unaweza kuombwa utunge nywila fupi kwa ajili ya draiva za ziada. Ikumbuke, maana mashine ikiwaka upya itaonyesha skrini ya bluu isiyo ya kawaida yenye neno "MOK". Chagua "Enroll MOK", uthibitishe, na uingize nywila hiyo. Wengi huiogopa skrini hiyo wakidhani mashine imeharibika, kumbe hutokea mara moja tu.

Kisha unafika kwenye uamuzi wa diski. Kwa diski ya GB 32 au 64 ushauri wangu hauna masharti: futa yote na uweke Linux peke yake. Windows na Linux zikigawana GB 64 zote mbili hukosa pumzi, na masasisho ya Windows huenda yakashindwa. Kuanzia GB 128 kwenda juu, kuziweka pamoja kunawezekana. Punguza sehemu ya Windows ukiwa ndani ya Windows kwa kutumia kidhibiti chake cha diski, kisha uchague kusakinisha Linux kando yake. Anayetumia mifumo yote miwili atagundua saa ikirukaruka, kwa sababu Linux huhesabu saa ya mashine kuwa ya dunia nzima na Windows huihesabu kuwa ya mahali ulipo. Amri hii, ikitolewa kwenye Linux, humaliza ugomvi huo:

`sudo timedatectl set-local-rtc 1`

Kompyuta ndogo hubebwa kila mahali na hupotea kirahisi, kwa hiyo fikiria kuifunga diski kwa usimbaji, ambao kisakinishi huutoa chini ya vipengele vya ziada. Kabla ya kukubali, andika `lscpu | grep -ow aes`. Neno `aes` likitokea, kichakataji chako kina maelekezo maalumu ya kazi hiyo na hutahisi uzito wowote. Lisipotokea, kama ilivyo kwa Atom nyingi za zamani, kila usomaji wa diski utachelewa, nawe utalazimika kupima usalama dhidi ya kasi.

Usakinishaji wenyewe huchukua kati ya robo saa na saa moja, kulingana na kasi ya diski. Ukiisha, chomoa flashi unapoambiwa na uwashe upya.

Saa ya kwanza

Jambo la kwanza ni masasisho. Fungua kidhibiti cha masasisho na usakinishe yote, au uandike:

`sudo apt update && sudo apt upgrade`

Neno `sudo` huomba ruhusa ya msimamizi, na mfumo utakuuliza nywila. Unapoiandika hakuna herufi wala nyota itakayotokea. Kibodi haijafa, nywila inapokelewa kimyakimya, nawe umalize na ubonyeze Enter.

Washa kinga ya mtandao kwa `sudo ufw enable`. Programu zote zitafute kwanza kwenye kidhibiti cha programu cha mfumo, si kwenye tovuti za mitaani, na usibandike amri yenye `sudo` ambayo hujui inafanya nini. Tabia hizo mbili zinakulinda zaidi ya programu yoyote ya kuua virusi utakayoiongeza.

Skrini ya kompyuta ndogo ikiwa fupi, baadhi ya madirisha huficha vitufe vyake chini ya ukingo. Shikilia kitufe cha Alt, kisha uburute dirisha kwa kipanya kutoka mahali popote ndani yake, nalo litapanda juu.

Kubana kumbukumbu

Kati ya marekebisho yote, hili ndilo linalobadilisha hali ya mashine ya GB 4 au chini yake. Zram hutenga sehemu ya RAM na kuweka humo data isiyotumika kwa wakati huo ikiwa imebanwa, mara nyingi hadi nusu au theluthi ya ukubwa wake. Mfumo huitumia kabla ya kukimbilia faili ya swapu, yaani nafasi ya diski inayotumika RAM ikijaa, na kwa kuwa eMMC ni ya polepole na huchakaa kwa kuandikwaandikwa, faida inakuwa mara mbili. Andika:

`sudo apt install zram-tools`

`sudo nano /etc/default/zramswap`

Katika faili itakayofunguka kuna mistari inayoanza na alama ya reli (#), ambayo huifanya isisomwe. Ondoa alama hiyo mbele ya mistari miwili na uiandike hivi:

`ALGO=zstd`

`PERCENT=50`

Bonyeza Ctrl na O, kisha Enter, ili kuhifadhi, halafu Ctrl na X ili kutoka. Anzisha huduma upya na uangalie matokeo:

`sudo systemctl restart zramswap`

`swapon --show`

Ukiona mstari wa `/dev/zram0` wenye kipaumbele kikubwa kuliko faili ya swapu, kazi imekamilika. Kwenye mashine ya GB 4 ukubwa wake utaonekana kuwa karibu GB 2.

Hata hivyo, zram haimsaidii anayefungua vichupo thelathini. Mfumo mwepesi unaweza kutosheka na GB moja ya RAM au pungufu, kisha ukurasa mmoja wa mtandao wa kijamii ukadai mamia ya megabaiti peke yake. Kivinjari ndicho mlaji mkuu. Weka kiongezi cha uBlock Origin kwenye Firefox, kwa kuwa matangazo hula RAM na vifurushi vya intaneti kwa pamoja. Ukihisi mashine inazubaa, andika `about:unloads` kwenye upau wa anwani, na utapata kitufe cha kuachilia kumbukumbu inayoshikwa na vichupo usivyovitumia bila kuvifunga. Vilevile fungua mipangilio ya programu zinazoanza pamoja na mfumo na uzime usizozihitaji, kama vile huduma ya Bluetooth kwa asiyeitumia.

Kuishi na diski ndogo

Diski inayouzwa kuwa ya GB 32 huonekana kama GB 29 hivi, na mfumo wenyewe huchukua sehemu nzuri ya hizo. Kwa hiyo sakinisha programu kwa `apt` au vifurushi vya kawaida inapowezekana, na uepuke Flatpak, mfumo mwingine wa vifurushi, ambayo huja na maktaba zake kubwa hata kwa programu ndogo. Katika mapendeleo ya kidhibiti cha masasisho washa chaguo la kuondoa viini vya zamani, maana kila kiini kinachobaki hukalia mamia ya megabaiti. Mara moja kwa mwezi toa amri hizi:

`sudo apt autoremove`

`sudo apt clean`

`sudo journalctl --vacuum-size=100M`

Timeshift, chombo cha Mint cha kuhifadhi hali ya mfumo, ni kizuri kwenye diski kubwa, lakini picha yake ya kwanza ni nakala nzima ya mfumo. Kwenye GB 32 ielekeze kwenye diski ya nje iliyoumbizwa kwa ext4, au uhifadhi picha moja tu. Tena Timeshift hailindi hati zako kwa mpangilio wake wa kawaida. Hizo zinahitaji nakala yake tofauti. Hati, muziki na picha zinaweza kukaa kwenye kadi ya SD yenye umbizo la exFAT, ambayo itasomeka pia kwenye Windows.

Betri

Sakinisha TLP, chombo cha kuokoa chaji, kwa `sudo apt install tlp`, kisha uwashe upya. Mipangilio yake ya kawaida inatosha. Apt ikikuambia itaondoa `power-profiles-daemon`, kubali, kwa sababu vyombo hivyo viwili havikai pamoja. Baada ya hapo, kupunguza mwangaza wa skrini kutakusaidia zaidi ya kuchezea mipangilio.

Hati za ofisini

Hapa ndipo malalamiko yanapoanzia: hati iliyotumwa kutoka Word inafunguka kwenye LibreOffice ikiwa imevurugika, mistari imeruka na ukurasa wa tatu umekuwa wa nne. Mara nyingi sababu ni fonti. Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft na haziji na Linux. Carlito na Caladea zimechorwa ili kila herufi ichukue upana uleule, kwa hiyo mistari hubaki mahali pake:

`sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea`

Kwa Arial na Times New Roman kuna kifurushi cha `ttf-mscorefonts-installer`, ambacho kitakutaka ukubali leseni kwanza. Sogea hadi kwenye kitufe cha kukubali kwa kutumia Tab. Ikiwa unaowaandikia wote wanatumia Word, nenda kwenye mipangilio ya LibreOffice ya kupakia na kuhifadhi, na uchague docx kuwa umbizo la kawaida. Hati isiyohitaji kuhaririwa itume kwa PDF. Lahajedwali zenye makro nzito za Excel zijaribu moja moja, kwani baadhi hukubali na nyingine hazikubali.

Flashi usiifute

Ile flashi uliyosakinishia iwekee alama na uihifadhi. Siku mashine itakapokataa kuwaka, iwashe kwa flashi hiyo, fungua kidhibiti cha faili, bofya diski ya ndani, na unakili hati zako kwenye diski ya nje kabla ya kujaribu tengenezo lolote. Uliyefunga diski kwa usimbaji utaulizwa nywila yake kwanza. Kisha, kama unatumia Mint, tafuta kwenye menyu ya flashi hiyohiyo chombo cha kurekebisha uwakaji, na uanze na chaguo lake linalopendekezwa.